Kwa mnaoanza kununua picha zenye saini za wanasayansi wa enzi ya Victoria

Picha yangu ya kwanza ya mwanabiolojia Thomas Huxley niliilipia bei ya picha yenye saini. Nilipoiweka chini ya kioo cha kukuzia nikagundua saini ilichapwa pamoja na kadi iliyobandikiwa picha. Muuzaji hakusema uongo. Aliandika "ina saini", nami sikumwuliza ni saini ya namna gani.

Kwa hiyo nunueni kioo kwanza, cha kukuza mara 10, picha zitafuata. Kalamu ya nibu ina tabia zake: mwandishi anapokandamiza, nibu hupanuka na kuacha michirizi miwili pembeni mwa mstari, na mistari inapokatana wino huwa mzito zaidi. Wino mwingi wa wakati ule ulikuwa na chuma ndani yake, ndiyo maana leo umekuwa wa kahawia. Saini ya kuchapwa imelala bapa, rangi ni ileile mwanzo hadi mwisho.

Mtego unaonasa wengi ni picha ya Darwin iliyopigwa na mpiga picha Julia Margaret Cameron. Mama huyo alimpiga picha mwaka 1868 kwenye kisiwa cha Wight, na chini ya baadhi ya nakala zilizouzwa kuna maneno ya Darwin kwamba anaipenda picha hiyo kuliko nyingine zote alizowahi kupigwa, kisha "Ch. Darwin". Mwandiko ni wake kabisa, ila umechapwa. Picha yenyewe ni ya thamani kubwa hata hivyo. Lipieni picha, msilipie wino ambao haupo.

Waghushi nao hawahitaji kutengeneza picha. Picha zilizobandikwa kwenye kadi ndogo za sentimita 6 kwa 10 hivi, mtindo ambao mpiga picha Disdéri aliuwekea hataza Paris mwaka 1854, zilitolewa kwa wingi mno, na zisizo na saini hupatikana kwa bei nafuu. Mtu ananunua moja halali, anaongeza saini jioni. Karatasi za picha hizo zilipakwa ute wa yai, na ute huo hupasuka nyufa ndogondogo ukizeeka. Wino ukiwa umeingia ndani ya nyufa, basi nyufa zilitangulia saini. Hapo rudisheni picha.

Geuzeni kadi pia. Elliott & Fry wa Baker Street, London, walifungua studio mwaka 1863, kwa hiyo kadi yao haiwezi kuwa ya 1860. Na jina lenyewe lina umri: mwanafizikia William Thomson alipata cheo cha Lord Kelvin mwaka 1892. Picha ya ujana iliyosainiwa "Kelvin" inawezekana, huenda aliletewa uzeeni aisaini. Picha ya uzeeni, ya mwaka 1900 tuseme, iliyosainiwa "William Thomson" mimi siigusi.

Kuhusu kulinganisha mwandiko, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge imeweka picha za barua nyingi za Darwin mtandaoni, bure. Nilikaa nazo wiki kadhaa kabla ya kuthubutu kununua tena, na hata hapo sikuanza na Darwin, maana saini zake kwenye picha ni adimu na bei zake hazina huruma. Nilianza na mwanafizikia John Tyndall.

Mkishanunua, msibandue picha kwenye kadi yake. Karatasi ni nyembamba, itajikunja papo hapo. Msiifungie kwenye mfuko wa plastiki laini wa PVC. Na ukutani, ambako jua linapiga, tundikeni nakala.