Mwanangu akila korosho anavimba, bibi yake anasema namfundisha kuringa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Newala, na tunaishi Mtwara mjini. Mwanangu wa pili ana miaka minne. Idi iliyopita tulikwenda kwa wakwe, akala kisamvu kilichoungwa kwa tui la korosho. Haikupita nusu saa midomo ikavimba, vipele vikamtoka mwili mzima, akatapika na kuanza kukohoa. Tulimkimbiza hospitali, akachomwa sindano, tukalala huko. Daktari akasema ni aleji ya korosho, asiguse tena.*

*Mama mkwe hataki kusikia. Anasema korosho ndiyo iliyomsomesha mume wangu, na mjukuu wake wa Kimakonde hawezi kukataa korosho, ila mimi ndiye ninayemfundisha kuringa. Anasema zile hazikuchomwa vizuri, na kwamba akizoeshwa kidogo kidogo atapona. Mume wangu ananiambia nisimgombanishe na mama yake. Idi inakaribia na ukoo wote utakusanyika kule. Nibaki Mtwara na mtoto, au niende na chakula chake kwenye hotpoti?*

*Mama wa wawili, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma asubuhi, mchana nikairudia. Nilipofika pale mtoto alipoanza kukohoa, nilishika kifua. Kuvimba midomo ni jambo moja. Kikohozi kikifuata muda mfupi baada ya mtoto kula kinachomdhuru, ujue njia ya hewa nayo imeguswa. Mlifanya vema kukimbia. Kwa hiyo sitakupa ushauri wa kuvumilia. Sisi wanawake tunaambiwa tuvumilie mengi kwa wakwe, na mengine kweli yanavumilika, lakini hili halimo.

Wala sitakwambia ubaki Mtwara. Ukibaki Idi hii, utabaki na ijayo, na mtoto atakua akijua kwamba kwa bibi yake si kwao.

Nianze na mama mkwe, maana naona umeumia kwa maneno yake na una haki ya kuumia. Lakini nami ni bibi. Mkwe wangu aliponiambia mjukuu wangu asipewe maziwa ya ng'ombe, nilinuna siku mbili. Nilisikia kama ananiambia mikono yangu ni michafu. Mama mkwe wako amesikia zaidi ya hapo. Mtu aliyezeeka Newala akitazama mkorosho anaona ada ya shule, bati la nyumba na nguo za sikukuu. Miezi ile ya Oktoba hadi Desemba, korosho zikishuka na minada ikianza, ndipo mwaka wake unapofunguka. Sasa mtu aje amwambie kwamba kile kilichomlea mwanawe ni sumu kwa mjukuu! Moyo unakataa kabla masikio hayajasikia.

Na hayo ya kusema hazikuchomwa vizuri hayakutoka hewani. Amewaona wabanguaji. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi na kuacha vidole vyeusi, ndiyo maana wengine hujipaka majivu mikononi kabla ya kushika kazi. Akiambiwa korosho imemdhuru mtoto, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye ganda. Aelezwe kwa upole kwamba anavyolijua ganda ni kweli, ila kilichomdhuru mtoto ni kingine. Ni protini iliyomo ndani ya kiini chenyewe, ile nyama nyeupe tamu. Mwili wa mwanao unaipokea kama adui na kupigana nayo. Uikaange, uichemshe, uisage ukamue tui, protini hiyo bado ipo. Hakuna namna ya kuipika itakayomsaidia.

Hilo la kumzoesha kidogo kidogo ndilo linalonitisha kuliko yote. Katika baadhi ya nchi wapo mabingwa wanaowapa wagonjwa chembe zilizopimwa, huku dawa iko mkononi na daktari kasimama pembeni. Hiyo ni tiba. Kijiko cha kisamvu jikoni Newala si tiba. Na asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa safari ile alipona, na safari nyingine atapona. Mara ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza, na kiasi kidogo tu kinatosha.

Lakini maneno haya usiyaseme wewe. Hapa nazungumza na baba wa mtoto, na naomba umsomee. Baba, mkeo hajakugombanisha na mama yako. Amekuletea habari ya mwanao. Mkwe akisema, inasikika kama kiburi. Ukisema wewe uliyekuwepo hospitali usiku ule, ni habari ya nyumbani. Kama unaona mdomo mzito mbele ya mama, sisi watu wa kusini tunajua njia: mtafute mjomba wako. Kwetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo unafuata upande wa mama, na kaka wa mama ana neno ambalo halipitwi. Mpigie mjomba wiki hii, si mkesha wa Idi watu wakiwa wanasonya kwa uchovu jikoni. Mwambie alivyokuwa mtoto, kimoja baada ya kingine. Mwambie daktari alisemaje. Kisha muombe aende mwenyewe kwa dada yake, akae naye mkekani.

Na mjomba akienda, akumbushe jambo ambalo kila mtu kule analijua. Ukoo wa kusini una Waislamu na Wakristo ndani ya nyumba moja. Krismasi ikifika Masasi au Ndanda, ziko nyumba nyingi za Wakristo ambako kuku na mbuzi huchinjwa na jirani Mwislamu, ili shemeji na wajomba wanaokuja waweze kula. Hakuna anayesema shemeji anaringa. Mwenye nyumba anaona fahari kwamba kila aliyefika amekula kwake. Mama mkwe wako bila shaka amekula katika nyumba ya namna hiyo. Mnachomuomba ni heshima ileile, safari hii kwa mtu wa miaka minne.

Sasa hotpoti. Beba chakula cha njiani, sawa, lakini usiifanye ndiyo jibu. Nimelifikiria sana hili. Siku ya Idi watoto wanakaa duara kwenye sinia moja, mikono inakutana kwenye pilau. Ukimtoa wako ukamweka pembeni na bakuli lake, utakuwa umemlinda tumbo na kumvunja moyo, na wenzake watamwita mgonjwa. Kisha mtoto wa miaka minne hakai pembeni. Ukigeuka tu, yuko kwenye sinia. Kwa hiyo usimtengee yeye sahani. Ombeni sinia zima la watoto lisiwe na korosho. Pilau, nyama, samaki, mbaazi za nazi, ming'oko, hayo yote watoto wanayapenda na hakuna atakayeuliza korosho iko wapi. Kisamvu cha korosho kiende kwa wakubwa. Kashata za korosho zikae juu, zitolewe watoto wakishatoka kwenda kucheza, na wakubwa wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Jikoni ndiko kwenye kazi. Kinu cha mti kinachotwanga korosho kinakunywa mafuta yake, na kusuuza hakuyatoi. Kifumbu kilichokamua tui la korosho asubuhi kikikamua tui la nazi mchana, mbaazi zako zimeshaharibika na hakuna aliyekusudia. Mwiko nao, na mafuta yaliyokaangia korosho. Kwa hiyo nunua kifumbu kipya na mwiko mpya hapo sokoni Mtwara. Usifike navyo ukaanza kuvitumia kama mkaguzi. Mkabidhi mama mkwe, kwa mikono miwili, umwambie: "Mama, hivi ni vya mjukuu wako, naomba uvitunze wewe." Chakula cha watoto kipikwe kwanza, kifunikwe, ndipo korosho iingie jikoni. Na yeye ndiye awe mlinzi wa sufuria hilo. Bibi akisema "hili asiguse mtu, ni la wajukuu", nani kule atabisha? Wewe ukisema, wifi zako watatazamana.

Bibo, tunda la mkorosho, na kochoko, yaani bibo lililokaushwa, msimpe mpaka mmuulize daktari, kwani bibo linachumwa pamoja na korosho yake na mkono uleule unashika vyote. Pistashio, zile njugu za kijani zinazowekwa kwenye halua na pipi za dukani, ni ndugu wa karibu wa korosho. Nazo mwepusheni.

Mtoto atazunguka na wenzake kuomba mkono wa Idi, na majirani hawatampa hela tu. Mfundishe neno moja fupi, mlirudie kila siku mpaka alijue kama jina lake: "Ahsante, nampelekea mama." Kaka yake au dada yake mkubwa afuatane naye, naye ajue sababu.

Kabla ya safari rudini kwa daktari, hapo hospitali ya Ligula au pale mnapotibiwa, mpate karatasi iliyoandikwa ugonjwa wake na mpango wa dharura. Ulizeni juu ya sindano ya adrenalini, maana ndiyo dawa ya kwanza mtoto akianza kukohoa, kukoroma kifuani, sauti kubadilika au kulegea. Vidonge na dawa ya maji ya aleji hupunguza muwasho, lakini koo likianza kubana haviliokoi, hivyo msimpe mkakaa kumtazama. Mkifika Newala, kabla hata ya kufungua mabegi, mume wako aende kwenye kituo cha afya kilicho karibu aulize kama sindano hiyo ipo. Na awe na namba ya mtu mwenye gari atakayepokea simu hata saa nane ya usiku.

Kama mjomba atashindwa na mama mkwe akakataa kabisa, nendeni bado, lakini msalimie, mkae, na mtoto asile kitu hapo. Siku hiyo mume wako akae naye yeye mwenyewe, tangu kufika hadi kuondoka, asikuachie wewe peke yako. Ndugu zake wamwone yeye ndiye anayesema hapana.

Mkirudi niandikie, unieleze kama bibi alikipokea kifumbu.