Maswali ya Wasomaji: Sahihi ya Mgonjwa wa Akili

Barua kadhaa za mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni utafiti unaofanywa kwa watu wenye magonjwa makubwa ya akili kama skizofrenia (ambayo huweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo) na bipola (ambayo humpeleka mtu kwenye msisimko uliopita kiasi na huzuni nzito kwa vipindi). Tumezipunguza urefu bila kugusa maana, na tumeficha majina ya waandishi na ya vituo vya afya walivyovitaja.

*Mhariri, salaamu. Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 24. Aligundulika kuwa na skizofrenia akiwa chuoni, na sasa anameza vidonge vya haloperidoli ambavyo vimemtuliza, ingawa mikono yake hutetemeka. Alipokwenda kliniki aliombwa kujiunga na utafiti unaolinganisha vidonge na sindano ya kila mwezi, naye akakubali na kutia sahihi. Baba amekasirika. Anasema mgonjwa wa akili hana sahihi na kwamba mwenye kauli ni yeye mzazi. Mjomba anasema kijana ameuzwa. Je, tumtoe? Na akitoka, hatanyimwa dawa zake? — Dada wa mgonjwa, Tororo*

Dada yangu, nianze na neno la baba, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote. Skizofrenia haimwondolei mtu uwezo wa kuamua moja kwa moja na kwa kila jambo. Uwezo huo hupungua mgonjwa anapozidiwa, hurudi dalili zinapotulia, na wapo wanaosikia sauti hadi leo lakini wanajua vizuri wanachokitaka na wasichokitaka. Kinachopaswa kuulizwa ni kama mdogo wako, siku ile alipotia sahihi, alikielewa alichokuwa anakikubali.

Na jambo hilo hupimwa. Katika utafiti wa jenetiki unaoitwa NeuroGAP, uliofanyika Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini, mgonjwa alisomewa maelezo, kisha akaulizwa maswali 10 mafupi: utafiti huu unahusu nini, je, ni lazima kushiriki, kuna hatari gani, ukikataa itakuwaje. Aliyeshindwa kujibu alieleweshwa upya na kuulizwa tena, na ambaye bado hakuelewa hakuandikishwa. Mnaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani. Kaeni naye saa ambayo ametulia, baba awepo lakini asimjibie, kisha mwombeni awaeleze kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiadhola au Kiteso au lugha yoyote anayoitumia bila kufikiri, ni kitu gani alichokikubali.

Akijibu, "Daktari amenichagulia sindano kwa sababu itaniponya," hapo pana kazi ya kufanya. Katika utafiti wa namna hii daktari hamchagulii mgonjwa dawa. Anayepata vidonge na anayepata sindano huamuliwa kwa bahati nasibu, mara nyingi na kompyuta, na lengo la kazi nzima ni kupata jibu litakalowafaa wagonjwa wengi baadaye. Mdogo wako anaweza kunufaika, na anaweza asinufaike. Hilo akilijua na bado akakubali, sahihi yake ni sahihi kama ya mtu mwingine yeyote.

Wengi huona bahati nasibu hiyo kama ukatili, nami nalielewa jambo hilo. Lakini tazama yaliyotokea pale ilipokosekana. Tangu miaka ya 1930 hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliwatibu wenye skizofrenia kwa kuwachoma insulini nyingi hadi wakazimia, siku baada ya siku, kwa wiki nyingi. Baadhi yao walikufa. Madaktari waliamini kwa moyo safi kwamba tiba hiyo inafaa. Mwaka 1957 watafiti wa London waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakazimishwa kwa insulini na wengine kwa dawa ya usingizi tu, na mwishowe hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Zaidi ya miaka 20 ya hatari ilikuwa imepita kabla ya mtu kuuliza swali kwa utaratibu.

Sasa mambo ya kuuliza kliniki, na ninaomba mwende nyote watatu. Swali la kwanza ni kama kuna kundi lisilopewa dawa kabisa, au linalopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Kwa maelezo yako sidhani, lakini ulizeni. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya majaribio 65 yaliyojumlishwa pamoja, yenye wagonjwa 6,493 wa skizofrenia waliokuwa wametulia kwa dawa. Katika mwaka mmoja hivi, ugonjwa uliwarudia takriban 27 kati ya kila 100 walioendelea na dawa, na 64 kati ya kila 100 walioachishwa na kupewa kidonge kitupu. Kijana aliyetulia kama wenu hafai kuachishwa dawa bila sababu nzito na ulinzi wa karibu sana.

Swali la pili ni nani atakayemtibu, na kwa gharama ya nani, akidhurika. Mkumbuke kwamba dawa za aina hii, ziwe vidonge au sindano, zinaweza kukaza misuli, kupindisha shingo na kutetemesha mikono, na kwamba sindano ikishaingia mwilini haiwezi kutolewa: hukaa humo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mtetemeko alio nao sasa uandikwe kwenye faili kabla ya sindano ya kwanza.

Swali la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Utafiti ukiisha, nini kitafuata? Kama sindano imemfaa kuliko vidonge, je, ataendelea kuipata, au watafiti watafunga masanduku yao na kumwachia familia dawa isiyopatikana kliniki? Jibu la swali hili linatakiwa liwepo kabla ya siku ya kwanza, na mimi binafsi nisingeridhika na jibu la "tutaona."

Itazameni pia fomu yenyewe. Anapaswa kuwa na nakala yake nyumbani. Fomu iliyopitishwa huwa na muhuri wa kamati ya maadili ya utafiti wenye tarehe, pamoja na namba za simu za mtafiti mkuu na za kamati hiyo. Utafiti wowote unaowahusu binadamu hapa Uganda hupita kwenye kamati ya namna hiyo na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ukiwa ni wa kujaribu dawa unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Mjomba anayesema kijana ameuzwa apige namba ya kamati aulize mwenyewe. Namba imewekwa pale kwa ajili ya watu kama yeye. Kurudishiwa nauli na kulipwa kidogo kwa muda uliopotea ni jambo la kawaida. Fedha nyingi kiasi cha kumfanya maskini ashindwe kukataa ndizo zinazotia shaka.

Kuhusu kutoka, anaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hayawezi kukatwa kwa ajili hiyo. Mtumishi atakayemwambia vinginevyo amekiuka maadili, na mlalamike. Kwa usalama wake tu, asiache dawa ghafla. Aombe kurudishwa kwenye utaratibu wa zamani.

Je, mumtoe? Hamna mamlaka ya kumtoa iwapo anaelewa anachokifanya. Uganda ilitunga Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ili kuiondoa sheria ya zamani ya 1964, na mwelekeo wake ni kumtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki. Baba bado ana nafasi kubwa. Yeye ndiye anayejua kwamba kijana akianza kukesha na kukwepa chakula cha pamoja, ugonjwa unakaribia. Mdogo wako akiridhia, baba aandikwe kuwa mtu wa kupigiwa simu, na akubaliane na watafiti mapema nini kifanyike iwapo kijana atazidiwa katikati ya utafiti na kushindwa kujisemea.

*Ndugu Mhariri, nimesikia kuna watu wanaochukua damu na mate ya wagonjwa wa akili na kuyapeleka ng'ambo kuchunguza ukoo. Je, watatuambia kwamba ukoo wetu una wazimu? Na kwa nini watake vyetu? — Msomaji, Arua*

Ndugu yangu, kwanza hakuna jeni (kibeba urithi) moja ya skizofrenia. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, wenye wagonjwa 76,755, ulipata sehemu 287 za jenomu, yaani jumla ya urithi wa mtu, zinazohusiana na ugonjwa huo, na kila moja ina mchango mdogo mno. Hakuna anayeweza kuyasoma mate ya mtu akasema ukoo huu una wazimu na ule hauna, na mtafiti atakayekuahidi hivyo umkimbie.

Kwa nini vyetu? Kwa sababu wengi mno katika tafiti hizo walikuwa watu wenye asili ya Ulaya, na waliobaki walitoka zaidi Asia ya Mashariki. Waafrika walikuwa wachache, ilhali Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki kuliko kwingine kote duniani. Dawa za kesho zikitengenezwa kwa elimu ya watu wa bara moja, sisi tutazipokea bila kujua kama zinatufaa. NeuroGAP niliyoitaja juu ilipanga kuandikisha wagonjwa 17,000 na wengine 17,000 wasio wagonjwa ili kuliziba pengo hilo. Kuna haki ndani yake, na kuna hatari ndani yake, maana sampuli zikishavuka mpaka ni rahisi kwa watoaji kusahauliwa. Uliza kama upo mkataba wa kuhamisha sampuli, zitahifadhiwa kwa muda gani, kama zitatumiwa kwa utafiti mwingine, na kama jina lako limetenganishwa nazo. Una haki ya kukubali kuhojiwa na kukataa sampuli yako ihifadhiwe kwa matumizi ya baadaye, pale fomu inapotoa nafasi hiyo.

*Mhariri, mke wangu ana bipola. Mchungaji wetu ni mtu mwema, ila anasema dawa zinazuia uponyaji. Je, kuna aliyewahi kupima sala na dawa? — Mume, Kasese*

Bwana, yupo. Nchini Ghana, katika kambi moja ya maombi, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 139 wenye magonjwa makubwa ya akili. Wote waliendelea na sala za kambi, na nusu yao wakapewa na dawa pia. Baada ya wiki 6, waliopata dawa pamoja na sala walikuwa na dalili chache kuliko waliobaki na sala peke yake. Wala dawa haikumfukuza mtu kwenye maombi.

Kuna sehemu nyingine ya matokeo hayo ambayo ningependa wachungaji na madaktari waisome pamoja. Siku ambazo wagonjwa walifungwa minyororo hazikupungua, hata kwa waliopata nafuu. Dalili zilishuka, mnyororo ukabaki pale pale. Kwa hiyo dawa peke yake haimfungui mtu. Kufungua ni uamuzi wa wale wanaomtunza.

Mwalike mchungaji aje nanyi kliniki. Watafiti wa Nigeria na Ghana, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, walionyesha kwamba wahudumu wa afya wakishirikiana na waganga wa jadi na viongozi wa maombi, wagonjwa wenye saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia) hupata nafuu zaidi kuliko kila upande ukifanya kazi peke yake. Ila mkeo asiache dawa wakati mnasubiri mchungaji ashawishike. Na kama anameza lithiamu, mojawapo ya dawa za bipola, apimwe damu kwa ratiba, anywe maji ya kutosha, na arudi haraka kliniki akitapika, akiharisha au akianza kuyumba.

*Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Tunafundishwa majina ya Wazungu tu. Je, utafiti wa hapa kwetu umewahi kugundua lolote? — Mwanafunzi, Jinja*

Umegundua, na unastahili kufundishwa. Mwaka 2006 Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa hapa Uganda, ambao uliwalinganisha wagonjwa wa mania (msisimko uliopita kiasi) wenye virusi vya UKIMWI na wasio navyo. Walionyesha kwamba mania inayoletwa na virusi hivyo ina sura yake: huwapata watu wenye umri mkubwa zaidi, na hasira na ukali huwa vingi zaidi. Ukiwa wodini, mtu mzima ambaye hajawahi kuugua akili akiletwa ghafla akiwa na mania, fikiria kupima virusi hivyo mapema.

Na kabla ya hapo, mwaka 2003, yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji 30 vya Masaka na Rakai kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa. Wanakijiji wa kawaida walifundishwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi vya mazungumzo, vikakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Mwishoni, waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na kwenye vijiji vya kulinganishia asilimia 54.7. Jaribio hilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika kupima tiba ya mazungumzo kwa bahati nasibu. Mwombe mwalimu wako mlisome darasani, hasa sehemu inayoeleza jinsi walivyowauliza kwanza wanakijiji wenyewe huzuni kubwa hujionyesha vipi kwao, kabla hawajaleta dodoso lolote kutoka nje.