Anza na Bawa: Kwa Wanaoanza Kutambua Nyuki wa Jasho

Kila vuli, kishonanguo kinapochanua kandokando ya njia za Kibosho na Marangu, mezani kwangu hapa Moshi hufika vijana wawili au watatu wakiwa na chupa za vidude vidogo vyeusi na swali moja: nyuki huyu ni spishi gani? Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyeanza kazi ya kutambua nyuki wa jasho, yaani nyuki wa familia ya Halictidae, akiwa na wavu, hadubini moja, na hamu inayozidi uvumilivu wake. Swali lao ni halali, lakini ni la mwisho, na aliyeanza nalo sijamwona akifika salama.

Jina lenyewe la nyuki wa jasho ndilo mtego wa kwanza. Ni kweli kwamba baadhi ya spishi za familia hii hutua kwenye ngozi ya mtu kulamba jasho kwa ajili ya chumvi na unyevu, ila si zote zenye tabia hiyo, na wala tabia hiyo si yao peke yao. Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya upande wa Kahe, kwenye joto la tambarare, nyuki zaidi ya sitini waliokuwa wakinijia machoni na mikononi nilipopumzika, nikawachoma pini wote na kuwaandikia Halictidae kwa mwandiko mzuri kabisa. Mzee mmoja mfugaji wa nyuki, aliyekuwa amekuja ofisini kwa shughuli nyingine, alichungulia kisanduku kile na kuniuliza kwa upole kwa nini nimewatoboa nyuki wadogo. Alikuwa sahihi. Walikuwa nyuki wasiouma, wale ambao asali yao wazee huitafuta kwa dawa ya kifua, nao ni wa familia ya Apidae, pamoja na nyuki wa mzinga. Sikuwa nimetazama hata bawa moja.

Kwa hiyo tazama bawa kwanza. Kwenye bawa la mbele la nyuki, ukitoka kwenye mzizi wake kuelekea nje, utakutana na mshipa unaokata kwa mshazari, ambao wataalamu huuita mshipa wa msingi. Kwa nyuki wengi mshipa huo umenyooka au umepinda kidogo tu, lakini kwa nyuki wa jasho umepinda kwa nguvu karibu na mwanzo wake, mfano wa upinde uliovutwa. Si kila mwanafamilia anauonyesha mpindo huo kwa kiwango kilekile, na ndiyo maana alama moja haitoshi: thibitisha kwa ulimi, ambao ni mfupi na wenye ncha kali, na kwa uso, ambapo chini ya tundu la kila papasi hushuka mshono mmoja tu wala si miwili. Nyuki wadogo wasiouma, kwa upande wao, wana mishipa michache iliyofifia hata bawa linaonekana kama halikumaliziwa, na muundi wa mguu wao wa nyuma hauna miiba mwishoni, ilhali nyuki wa jasho anayo. Alama hizi huonekana kwa hadubini ya kawaida ya maabara ya shule, mradi bawa limetandazwa na mwanga umewekwa vizuri.

Yuko mdanganyifu mwingine, naye ni Ceratina, seremala mdogo anayetaga ndani ya vijiti vikavu, ambaye mara nyingi hung'aa kijani au buluu na huchukuliwa kuwa nyuki wa jasho kwa sababu ya rangi hiyo tu. Ulimi wake ni mrefu, mwili wake una nywele chache, na mara nyingi usoni ana doa jeupe au la manjano. Nami naongeza neno kuhusu rangi kwa jumla: rangi inavutia macho, inasaidia kukumbuka, na inapotosha. Nyuki wa kijani wapo katika makundi yasiyohusiana kwa karibu, na nyuki mmoja aliyenaswa na kulala kwenye maji ya sabuni ya bakuli la mtego usiku kucha anaweza kuonekana mwingine kabisa asubuhi.

Ukishajiridhisha kwamba ni Halictidae, usikimbilie jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana ndani ya familia, kabla ya kujua jinsia. Jike ana pingili 12 za papasi na dume ana 13. Tumbo la jike huonyesha mabamba sita mgongoni na la dume saba. Jike, isipokuwa wa jenasi za vimelea, ana brashi ya nywele za kubebea chavua kwenye miguu ya nyuma. Nasisitiza jambo hili kwa sababu funguo nyingi za utambuzi, yaani orodha za maswali zinazokuongoza hatua kwa hatua hadi kwenye jina, hugawanyika mapema kati ya majike na madume, na mtu akiingia mlango usio wake atafuata hatua kumi kwa uaminifu mkubwa hadi kwenye jina la uongo. Jike asiye na brashi hiyo, mwenye tumbo jekundu na vitobo vikubwa mwilini, mfikirie Sphecodes, ambaye hachumi chavua ila hutaga kwenye viota vya wenzake. Wanafunzi wengi humwandika kuwa nyigu.

Hatua inayofuata ni nusu-familia, na hapa Afrika utapata zaidi Halictinae na Nomiinae. Geuza jike na utazame bamba la tano la mgongoni: kwa Halictinae limegawanyika katikati kwa mfereji wa nywele fupi unaokwenda kwa urefu, na kwa Nomiinae mfereji huo haupo. Madume wa Nomiinae hujitambulisha kwa miguu ya nyuma iliyovimba au kupindika kwa namna ambazo hutazisahau, na katika jenasi ya Pseudapis hata kile kigamba kinachofunika mzizi wa bawa kimekuwa kikubwa isivyo kawaida. Kundi hili ni rahisi kulipenda. Ugumu wenyewe uko kwa Halictinae.

Wengi wa nyuki mtakaowapata kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, tangu migomba ya chini hadi ukingo wa msitu, ni vidude vyeusi vya milimita chache ambavyo kwa macho ni kitu kimoja. Hapo ndipo Halictus na Lasioglossum hutenganishwa, na njia ni mbili zinazopaswa kukubaliana. Ya kwanza ni mishipa: kwa jike wa Lasioglossum mishipa ya upande wa nje wa bawa la mbele, ile inayofunga vyumba vya pembezoni, ni myembamba na hafifu kuliko ile ya ndani, ilhali kwa Halictus yote ina nguvu sawa. Weka bawa juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya nyeusi, na ulinganishe. Ya pili ni mikanda ya nywele nyeupe tumboni: kwa Halictus mikanda hukaa kwenye ukingo wa nyuma wa bamba, na kwa Lasioglossum, ikiwapo, huanzia kwenye mzizi wa bamba, ikiwa imefichwa nusu na bamba lililotangulia. Mtu akiniambia ameona mkanda, swali langu ni moja tu: umeanzia wapi? Dume wa Lasioglossum mara nyingi haonyeshi udhaifu wa mishipa kama jike, kwa hiyo usimhukumu kwa bawa peke yake.

Kisha kuna Patellapis, jenasi yenye spishi nyingi sana Afrika, ambayo mishipa yake ina nguvu na hivyo mgeni huisukuma kwa Halictus bila kufikiri. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, hasa kwa sababu vitabu nilivyojifunzia viliandikwa kwa ajili ya nyuki wa Ulaya na Marekani, ambako Patellapis hayupo, na ufunguo hauwezi kukupeleka kwenye jina lisilokuwemo ndani yake. Tumieni ufunguo ulioandikwa kwa ajili ya bara hili. Tangu mwaka 2010 tunao mwongozo wa jenasi za nyuki wa Afrika kusini mwa Sahara ulioandaliwa na Eardley, Kuhlmann na Pauly, na hakuna sababu ya kuanza kwingine.

Spishi ni shughuli nyingine kabisa. Familia hii ina zaidi ya spishi 4,000 duniani, na tofauti kati ya spishi mbili za Lasioglossum inaweza kuwa nafasi kati ya vitobo vya kidari: je, nafasi hiyo ni ndogo kuliko upana wa kitobo kimoja, sawa nao, au mara mbili yake? Au ni mikunjo ya ile pembetatu iliyo juu ya sehemu ya nyuma ya kidari, kama inafika ukingoni au inaishia katikati. Mambo haya hayaonekani chini ya taa kali, kwa kuwa mwili unaong'aa hurudisha mwanga na kufuta kila kitobo. Zungushia kielelezo, yaani mdudu uliyemchoma pini, karatasi nyeupe ya kufuatishia michoro, mwanga upite humo ukiwa umelainika, nawe utashangaa kuona uso uliodhani ni laini ukijaa mashimo kama barabara ya kijijini baada ya masika. Ukubwa wa mwili usiutegemee. Baadhi ya spishi za Halictus na Lasioglossum huishi kwa ushirika, malkia akiwa mkubwa kuliko watenda kazi wake, hivyo majike wawili wa kiota kimoja wanaweza kukufanya uandike spishi mbili.

Kwa dume, jibu mara nyingi limo kwenye viungo vya uzazi vilivyojificha mwishoni mwa tumbo. Vivute nje kwa pini iliyopindwa wakati mdudu angali laini, siku ileile ya kumuua, kwa sababu akikauka itakubidi umlainishe upya kwenye kisanduku chenye unyevu na huenda ukamvunja.

Nywele nazo zina adabu yake. Nyuki waliotoka kwenye bakuli za mtego, zile zilizopakwa rangi na kutiwa maji ya sabuni, huwa wamelowana na nywele zimegandamana, na mkanda uliogandamana hausomeki. Waoshe kwa maji safi, wapitishe kwenye spiriti, kisha wakaushe kwa mashine ya kukaushia nywele, ile ya saluni, kwa upepo wa wastani, huku ukiwatikisa ndani ya kichupa kilichofungwa kwa kitambaa chepesi. Jirani yangu mwenye saluni aliniuzia iliyotumika, na mpaka leo haniamini nilipomwambia ni ya nyuki. Wakati wa masika funga visanduku pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, maana ukungu wa Machi hadi Mei hapa mlimani unaweza kumaliza kazi ya mwaka mzima.

Sasa majina. Mtakutana na spishi ambazo jina la mwandishi wake limo kwenye mabano, na nyingine ambazo halimo. Mabano hayo si pambo: yanaeleza kwamba spishi ilielezwa kwanza katika jenasi nyingine na ikahamishwa baadaye. Nyuki wetu wengi wa jasho wana mabano kwa sababu wataalamu wa zamani, akiwemo T. D. A. Cockerell, waliwaingiza wengi ndani ya Halictus, jenasi iliyoanzishwa na Latreille, mtaalamu wa wadudu wa Ufaransa, mwaka 1804, nayo ikawa kapu la kila kitu. Uhamisho haujaisha. Wale wa kijani au rangi ya shaba wanaoitwa Seladonia, baadhi ya wataalamu huwahesabu kuwa jenasi kamili na wengine huwaweka chini ya Halictus, hivyo lebo mbili zinazotofautiana zinaweza zote kuwa sahihi. Chagua mfumo mmoja, utaje, na ushikamane nao.

Ugumu mwingine ni umbali. Jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo kimoja cha msingi, na vielelezo vya msingi vya nyuki wetu viko vingi Ulaya. Msafara wa Wasweden ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na mkusanyiko huo ulikwenda Stockholm. Kijana wa Moshi anayetaka uhakika wa nyuki aliyemkamata nyuma ya nyumba yao huenda akalazimika kuomba picha kutoka maelfu ya kilomita. Ombeni picha hizo bila aibu, mkieleza ni sehemu gani ya mwili mnayotaka kuiona. Barua inayosema tu "naomba picha" hurudishiwa picha ya mgongo, ambayo haina faida. Upimaji wa vinasaba kutoka mguu mmoja husaidia kuunganisha dume na jike wa spishi moja, lakini mfuatano wa vinasaba usio na kielelezo kilichotambuliwa vyema upande wa pili hauwezi kukupa jina.

Lebo iandikwe kabla ya jina, siku ya kukusanya, ikiwa na nchi, mkoa, mahali, mwinuko, tarehe yenye mwezi kwa namba za Kirumi, mkusanyaji, na ua alilokutwa nalo. Mwinuko ni lazima katika mlima huu, maana ukipanda kutoka Himo hadi Marangu umebadilisha mvua, mimea na nyuki. Ua nalo husaidia: nyuki mwenye uso mrefu usio wa kawaida anayeingia kwenye maua ya Impatiens penye unyevu wa msitu ananifanya nifikirie Thrinchostoma kabla sijafika kwenye hadubini, ingawa hadubini ndiyo inayoamua.

Na pale ushahidi unapoishia, andika hadi hapo. Kwenye droo yangu ya pili kuna majike kumi na mmoja kutoka Kibosho, waliokamatwa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye lebo "Lasioglossum (Ctenonomia) sp. 4", yaani spishi ya nne niliyoitenga bila kuipa jina; mabano hapa si ya mwandishi, bali ya Ctenonomia, jenasi ndogo ndani ya Lasioglossum. Mwanafunzi mmoja aliniomba ruhusa ya kuwapa jina kamili ili jedwali la tasnifu yake lipendeze, nikamkatalia. Miaka mitatu baadaye alipatikana dume mmoja kwenye kishonanguo cha kihamba kilekile, na alipofunguliwa, majike wale wakagawanyika: saba wakabaki sp. 4, na wanne, ambao vitobo vyao vya kidari nilikuwa nimeviona vimesongamana nikadhani ni umri tu, wakahamia kwenye safu mpya ya sp. 9.