Sanaa ya Pwani Ndani ya Nyumba ya Dodoma: Kwa Nini Inapasuka na Namna ya Kuizuia

Dada mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, ameniandikia wiki hii. Alinunua ubao wa nakshi Unguja, akautundika sebuleni mwezi wa tano, na kufikia mwezi wa nane ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, katikati ya ua lililochongwa. Anauliza kama aliuziwa mbao mbovu. Sidhani. Ubao mzuri kabisa wa mvule hupasuka Dodoma kwa namna hiyohiyo, na kwa kuwa wengi wetu tumehamia huku na roho zetu bado ziko pwani, nitalijibu swali hili kwa urefu.

Mbao hunyonya na kutoa unyevu muda wote, hata ikiwa imekatwa miaka mingi iliyopita. Hewa ya Unguja ina unyevu mwaka mzima. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, mvua yake ni ya Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo inapita miezi bila tone. Ubao uliozoea hewa ya pwani ukifika huku hupoteza maji na kusinyaa. Husinyaa kwa upana. Kwa urefu hausogei kiasi cha kuonekana. Ubao wa upana wa sentimita 40 unaweza kupungua milimita 3 hadi 5. Kama fundi ameukaza kwa skrubu pande zote mbili, hauna pa kusogea, basi unaachia pale ulipo mwembamba zaidi, yaani pale patasi ilipozama. Mchongaji hana kosa. Kosa ni la haraka ya kutundika.

Kwa hiyo ukifika nao, usiutundike. Uzungushie shuka, ulaze juu ya vijiti ili hewa ipite juu na chini, katika chumba kisicho na jua wala feni, kwa wiki nne. Ukiwa umeuleta kati ya Juni na Oktoba, upe wiki sita. Baada ya hapo paka mafuta ya kitani, yale wanayouza kwenye maduka ya rangi, tabaka jembamba mbele na nyuma. Nyuma ndiko watu wanakosahau: upande usio na mafuta hukauka upesi kuliko mwingine na ubao unapinda. Ncha mbili, pale mbao ilipokatwa, zipake mara mbili, kwa sababu maji hutokea huko kwa kasi zaidi. Subiri dakika 20, futa yaliyobaki juu, acha siku nzima, kisha rudia. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje au vilowanishe kwa maji kabla ya kuvitupa. Vikikunjwa na kuachwa kwenye ndoo vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka.

Mafuta ya nazi yaache jikoni. Hayakauki, na vumbi la Dodoma litayang'ang'ania mpaka nakshi ijae tope.

Kwenye kutundika, skrubu moja tu, ya katikati juu, ndiyo ikazwe kabisa. Matundu mengine yachongwe yawe marefu kwa upande, milimita 10 kwa 5, na skrubu ziwekewe washa na zikazwe kiasi tu, ili ubao uweze kujivuta na kujiachia. Ukutani usitegemee lipu. Lipu nyingi zina unene wa sentimita 1.5 hadi 2, na tundu lazima liingie sentimita 4 ndani ya tofali, kwa biti ya milimita 6, na plagi ya plastiki. Msumari wa zege uliopigwa kwa nyundo huivunja lipu kwa ndani bila wewe kuona, na siku picha inapoanguka inaondoka na kipande cha ukuta.

Kwa ule ambao tayari umepasuka: legeza skrubu zote leo, na usijaze ufa wakati huu wa ukavu. Ukiujaza puti ngumu sasa, mvua zikija mbao itavimba, haitapata nafasi, na itapasuka pengine. Acha msimu mmoja wa mvua upite uone ufa unajifunga kiasi gani. Ukibaki unaonekana, seremala achonge ukanda mwembamba wa mbao ileile, aupachike ndani ya ufa na kuupaka gundi upande mmoja tu.

Jambo la pili linaloharibu sanaa ya pwani huku ni jua, na hapa ramani inasaidia. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakaa upande wetu wa kaskazini, na sehemu kubwa ya kipindi hicho anga halina mawingu. Dirisha la kaskazini lililokuwa na kivuli wakati wa Krismasi linaingiza jua mwezi wa saba. Kabla ya kutoboa ukuta, angalia mwanga unaangukia wapi saa nne asubuhi na saa kumi jioni, ukikumbuka msimu. Nguo, mikeka na picha za karatasi ziende kwenye ukuta ambao jua haliugusi. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi hupauka mapema sana, na majani yake yakikauka yanakuwa mepesi kuvunjika. Usiukunje kamwe. Nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya dawa ya vioo iliyooshwa, subiri robo saa, ndipo uuviringishe.

Picha za kuchora zina adabu yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi za mafuta juu ya hadibodi, na wengi wanaofuata mtindo huo bado wanatumia rangi hizohizo, sasa juu ya kanvasi. Rangi hiyo inaonekana imekauka wakati ndani bado ni laini. Ikipata joto, kama kwenye buti la basi, inanata na chochote kilichoigusa. Gazeti likishika halitoki. Weka karatasi ya kuokea juu ya picha, iviringishe upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba la plastiki la inchi nne, na isafiri nawe ndani ya basi au treni. Ukiiviringisha rangi ikiwa ndani, inajikunyata, na ukiifungua inavunjika mistari.

Na ukichagua picha ya jahazi, itazame kama baharia. Tanga limejaa upepo upande gani, na bendera inapepea upande gani? Vikipingana, aliyechora hajawahi kukaa ufukoni akatazama chombo kikipita. Ngalawa iwe na mbao za pembeni pande zote mbili. Kuna picha nyingi zilizochapwa kwa mashine zinazoonyesha ufuko wa nchi nyingine kabisa, na watu wanalipia fremu ya dhahabu kuliko kumlipa mchoraji wa Bagamoyo au wa Mwenge, Dar es Salaam. Hilo linaniuma. Sisi tuna pwani yetu, ina watu wake wanaoijua kwa mikono, na pesa ya ukuta wako inaweza kuwafikia.

Njia nafuu kuliko zote, na kwa maoni yangu nzuri kuliko nyingi, ni kanga. Moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, na doti inakupa mbili. Ioshe peke yake kwa maji ya baridi mpaka maji yatoke safi, ianike kivulini, ipige pasi. Seremala atengeneze fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, yenye kipande cha katikati, maana bila hicho fremu ndefu inapinda kwa mvuto wa nguo. Usikunje pindo nyuma ya fremu, kwani pindo ndilo linaloibeba kanga. Shonea ukanda wa marikani wa sentimita 8 kuzunguka kanga yote, na huo ndio ukunjwe. Anza kupiga pini za stepla ya mafundi wa sofa katikati ya kila upande, kisha sogea kuelekea pembe, sentimita 4 kwa 4, ukibadilishana pande. Anayeanzia pembeni anapata pindo la mawimbi. Kanga nyingi zimechapwa zikiwa zimepinda kidogo kuhusiana na nyuzi, kwa hiyo nyosha kwa kufuata mstari wa pindo na uache nyuzi ziende zinakotaka.

Juu ya sofa ya sentimita 210, kazi yenye upana wa 140 hivi inakaa vizuri, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wa sofa. Kwenye ukuta mtupu, katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 toka sakafuni.

Makombe ya baharini na mbao za majahazi yaliyovunjwa zina chumvi. Zilowekwe maji baridi siku tatu, ukibadilisha kila siku, zikauke kivulini, la sivyo mvua za Desemba zitaifanya chumvi ivute unyevu na misumari ya zamani itoe kutu hadi ukutani. Gamba la ng'amba usinunue, hata ukiambiwa ni la zamani. Kobe huyo wa baharini yuko hatarini kutoweka na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Kombe kubwa la pembe, lile refu la kupulizwa liitwalo triton, nalo liache baharini; mnyama wake hula kiti cha pweza chenye miiba, yule kiumbe wa umbo la nyota anayemaliza matumbawe.

Kusi inayojaza matanga kule pwani katikati ya mwaka, huku hutuletea vumbi jekundu kutoka mashariki na kusini-mashariki. Usilifute kwa kitambaa chenye maji, kwani linageuka tope na kuingia kwenye nyuzi. Tumia brashi ya rangi ya inchi mbili, kavu na laini, toka juu kwenda chini, kila wiki mbili wakati wa upepo. Nyuma ya kila fremu gundisha vipande vinne vya mpira vya unene wa sentimita 1, ili hewa ipite na mijusi isipate pa kutagia. Mchwa nao hupanda ndani ya ukuta na kutokea nyuma ya mbao bila kuonekana. Kila mwezi vuta fremu kidogo umulike kwa tochi. Ukiona mfereji wa udongo, hata mwembamba kama penseli, shusha kazi siku hiyohiyo, ondoa udongo, tia dawa ya mchwa ndani ya tundu, na usiirudishe mpaka wiki mbili zipite bila udongo mpya.