Usimkatie mama yako tiketi ya kurudi

Mdogo wangu, habari ya dawa iache kwanza. Umeuliza mengi: umpe dawa gani ya chango, ubadilishe maziwa au la, kwa nini mtoto wa wiki tano alie kuanzia magharibi mpaka saa sita usiku. Kilichonishtua ni ile sentensi ya mwisho uliyoipita mbio, kwamba Jumamosi unamrudisha mama yako Singida kwa sababu unaona aibu akikuona unashindwa kumbembeleza mwanao.

Usithubutu. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Mwaka 2019, Tabata, uzazi wa kwanza. Mama alitoka Lushoto kuja kunikanda na kunipikia uji wa pilipili manga. Mtoto alipofika wiki ya tatu yakaanza: jua likizama tu anakunja miguu, anakaza ngumi, na sauti kama ya mpiga debe wa Mbagala. Hapo kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi wapya akatokea mwanamke aliyejiita mshauri wa malezi, tena wa kulipwa. Akaniambia mtoto analia kwa kuwa anapokezanwa mikono mingi, na kwamba mama anayejiamini hulea mwenyewe. Nikamsikiliza yeye, nikamwacha mwanamke aliyenizaa na kulea watoto sita! Nikampandisha mama basi pale Ubungo, arobaini haijafika. Hakusema neno. Alinishika tu mkono dirishani.

Huyo mshauri nikimkumbuka damu inanichemka mpaka leo. Hakuuliza hata siku moja ninalala saa ngapi. Hakuuliza nyumbani nina nani. Mume wangu alikuwa zamu za usiku, na zile siku tatu ambazo sheria inampa baba zilishaisha zamani. Pesa yangu alipokea, swali hilo dogo likamshinda.

Usiku wa nne nilijikuta nimemshika mwanangu mabegani, nimemwinua mbele ya uso wangu, nampigia kelele: "Unataka nini?" Mikono ilishaanza kumtikisa. Nikashtuka, nikamlaza chali kitandani, nikatoka nje kukaa kwenye ngazi, nalia kuliko yeye. Baadaye kliniki walinieleza kuwa kumtikisa mtoto mchanga kwa nguvu, hata sekunde chache, kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo, akafa au akabaki na ulemavu wa maisha. Siku ikikufika pabaya, fanya hivyo hivyo: mlaze chali, toka, pumua, ita mtu.

Jirani yetu muuza vitumbua alikuwa bado anakoroga unga wa asubuhi. Alinipita pale kwenye ngazi bila kuniuliza kitu, akamchukua mtoto, akaniambia kalale. Wala hakumnyamazisha! Mtoto alilia kifuani kwake karibu saa nzima. Ila mimi nililala, na nilipoamka kilio ni kilekile, mimi si yule wa usiku.

Mama alirudi wiki iliyofuata. Kilio kilikatika chenyewe mtoto alipofika miezi mitatu na nusu. Kwa wengi ndivyo kinavyokwenda: huanza wiki ya pili au ya tatu, hukolea wiki ya sita, huisha miezi mitatu au minne. Wiki ya sita yako ni ijayo, na wewe ndiyo kwanza unakata tiketi!

Kituo cha afya mpeleke wampime. Akipata homa, akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo au akikataa kunyonya, usingoje kuche. Asali asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka, hata bibi yake akisema ni dawa.

Kuanzia kesho saa kumi na mbili jioni mkabidhi mama yako mtoto, ufunge mlango ulale. Na hiyo aibu, muulize wewe mwenyewe ulilia mpaka miezi mingapi. Wangu nilipomuuliza alicheka, akasema minne, na bibi ndiye aliyekuwa akinibeba.