Vipimo kabla ya wodi: maswali yenu

Hatuna mdoli wa kujifunzia kupima presha. Wanafunzi wakipimana wenyewe, nitajuaje nani kasikia kweli? (Mkufunzi, Ndanda)

Tafuta stetoskopu ya mafunzo yenye masikio ya watu wawili. Wewe na mwanafunzi mnasikiliza pamoja, kila mmoja anaandika kimya, ndipo mnafunua karatasi. Mkipishana zaidi ya mmHg 4 (mmHg ndicho kizio cha presha), subirini dakika moja mrudie. Mashine ya mshale ina alama za 2-2, hivyo aliyeandika 125 kakisia. Darasa zima likileta 120/80, wamekariri kitabu.

Kinachowaangusha wengi ni vali, ile skrubu ya kutolea hewa. Mshale ushuke 2 hadi 3 kwa sekunde; ukikimbia, sauti ya kwanza inapita hawajaidaka, na namba ya juu ya presha inasomeka ndogo. Zoezi lake halihitaji mgonjwa: funga kafu (mkanda wa hewa unaofungwa mkononi) kwenye kipande cha bomba, jaza hadi 200, shusha hadi 100 kwa sekunde 35 hadi 50. Mshale ukishuka na vali imefungwa, kuna mahali panavuja.

Darasani anapatia, wodini anapotea. Kwa nini? (Mtwara mjini)

Kwa sababu darasani mgonjwa ametulia. Mwambie mwenzake aigize mama aliyeshuka bodaboda sasa hivi kutoka Nanyamba: anahema, amekunja nne, mkono unaning'inia, stori haziishi. Mpimaji asiguse pampu kabla ya kumpumzisha dakika 5, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Mkono ukiwa sm 10 chini ya moyo, presha inapanda kama mmHg 7 hadi 8. Weka pia kafu ndogo na kubwa, achague mwenyewe. Kafu ndogo kwenye mkono mnene inazua presha isiyokuwepo.

Tufundisheje utepe wa MUAC (wa kupima unene wa mkono wa juu wa mtoto, kujua utapiamlo) bila watoto? (Nachingwea)

Zungushia bomba jembamba sponji ya godoro na kipande cha khanga. Tengeneza mikono kadhaa inayokaribia sm 11.5 na 12.5, maana hapo ndipo rangi hubadilika. Bomba tupu halifai: halibonyei, na kosa lenyewe ni kukaza utepe. Kutafuta katikati ya bega na kiwiko wajifunzie kwa wenzao.

Kuhesabu pumzi za mtoto: sekunde 15, kisha mara 4? (Lindi)

Hapana. Ukizidisha pumzi 1 kwa kukosea, zinakuwa 4: mtoto wa miezi 8 mwenye 48 anaandikwa 52, amevuka mpaka wa pumzi 50 kwa dakika, anapewa dawa ya nimonia. Waonyeshe video, wahesabu dakika nzima.