Kwa kiziwi anayeanza mpira wa wavu wa ufukweni

Wachezaji wapya huniuliza kwanza kuhusu filimbi. Filimbi ndiyo shida ndogo kuliko zote. Mwamuzi anaporuhusu sevu huonyesha pia kwa mkono. Ukiuona mkono, una sekunde 5 za kupiga. Mchezo ukisimama na wewe bado unakimbia, wavu ukitikiswa utajua.

Kazi iko kwa mwenzako. Mko wawili tu, mnalinda mita 8 kwa 8 za mchanga, na wanaosikia huelewana kwa kupiga kelele: "Wangu!" "Mstari!" (piga sambamba na mstari wa pembeni) "Mshazari!" (piga kukatiza uwanja). Sisi hayo yote tuyamalize kabla mpira haujapigwa. Mpira wa katikati ni wa nani? Kwetu huchukuliwa na aliye mshazari na mpiga sevu, kwa kuwa unamwendea. Ninyi mnaweza kukubaliana vingine, ila mkubaliane, na msibadilishe katikati ya seti.

Ishara za nyuma ya mgongo, ambazo mzuiaji aliye wavuni humpa mwenzake anayesevu, wanazo wote: kidole kimoja, nazuia mstari, viwili, nazuia mshazari, ngumi, sizuii. Anayesikia husevu baada ya kuitikia kwa mdomo. Wewe ukisevu, mzuiaji ageuze shingo akuone umeitikia kwa kichwa, ndipo apeleke macho kwa wapinzani. Ni nusu sekunde, lakini wengi huiruka wakichoka, na pointi hupotea hapo. Tena fichia mikono kwa mwili. Mkicheza na viziwi wenzenu, hata wa lugha nyingine ya alama, kidole kinachoelekeza upande kila mtu anakisoma.

Kwenye spaiki, yaani pigo la kushambulia, ndipo pagumu. Anayesikia hutazama mpira tu, mwenzake akimtajia penye nafasi. Wewe lazima uchungulie mwenyewe: mpira ukishatoka mikononi mwa mwenzako na bado unapanda, tupa jicho ng'ambo, kisha lirudishe. Kwa hiyo mwombe akuinulie juu kidogo, upepo ukiruhusu. Mazoezi yake ni haya: mtu wa tatu asimame ng'ambo, ainue vidole mara mpira unapopaa, wewe piga, kisha mwonyeshe idadi uliyoiona. Mwanzoni utakosa mpira au vidole, kwa kawaida vyote viwili. Endelea.

Miwani ya giza totoro achana nayo. Macho ya mwenzako ni nusu ya mazungumzo yenu. Vaeni ya rangi hafifu.

Kuhusu mashindano: mchezo huu umo katika Deaflympics, michezo ya kimataifa ya viziwi, tangu Taipei 2009. Unatakiwa uwe umepoteza usikivu wa angalau desibeli 55 katika sikio lililo afadhali, na uthibitishe kwa kipimo. Shimesikio na sehemu za nje za vipandikizi vya koklea huvuliwa. Kama umezoea kuvaa, anza kufanya mazoezi bila navyo mapema, maana baadhi yetu huyumba siku za mwanzo.

Michezo hiyo huja kila baada ya miaka 4, kwa hiyo muda mwingi utacheza na wanaosikia. Nenda. Wao hutegemea sauti, na siku ya upepo mkali sauti haziwafikii. Ninyi mmeshapatana tangu mpira ulipokuwa mkononi. Na kazi inayokulisha usiiache: wengi wetu tunayo, na ruhusa ya safari huombwa mapema kwa maandishi.